BUNDUKI MPYA YA KUJIPAKIA INAKWAMA? USIKIMBILIE KUIRUDISHA DUKANI, SOMA HAPA KWANZA



Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Kuna jambo limetukuta mimi na mjomba wangu huku Texas, maeneo ya Dallas, na najua wapo wabongo na ndugu zetu Wakenya huku ambao nao wameanza kwenda porini kuwinda hua kila Septemba. Nikikaa kimya halafu mtu aumie, nitajilaumu. Mimi si fundi wa bunduki, nimeishia kidato cha sita tu na sasa natafuta maisha, lakini haya nimeyaona kwa macho na mengine nimeyasoma vizuri kwenye kitabu cha maelekezo, kile ambacho wengi wetu tunakitupa na boksi lake.

Ilikuwa hivi. Mjomba kanunua shotigani mpya, geji 12, ile inayojipakia yenyewe: ukifyatua, inatupa ganda na kuingiza risasi nyingine bila wewe kuvuta kitu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Agosti, na msimu wa hua maeneo yetu unafunguliwa 1 Septemba, kwa hiyo haraka ilikuwepo. Akaitoa kwenye boksi, akaifuta kwa juu na kitambaa. Njiani tukabeba risasi za bei ya chini kuliko zote dukani, tukaenda moja kwa moja uwanja wa kulenga shabaha.

Risasi ya kwanza, paa! Ganda likatoka nusu, likabanwa dirishani limesimama wima kama bomba la jiko. Mjomba akalitoa. Ya pili, yale yale. Ya tatu ganda halikutoka kabisa. Hapo mjomba akachemka. "Nimeuziwa mbovu! Hela yangu yote ile!" Akavuta mkono wa kukokia kwa hasira, akauachia, akanigeukia na bunduki mkononi: "Tazama mwenyewe mpwa wangu, tazama kitu nilichouziwa!"

Mtutu ukapita usawa wa tumbo langu.

Mzee mmoja Mmarekani meza ya jirani alipiga kelele hadi uwanja mzima ukanyamaza. Mjomba akaelekeza mtutu kwenye shabaha, mzee akaja, akamwambia afungue taratibu. Wadau, ndani ya chemba mlikuwa na risasi nzima. Ile ya nne. Ilikuwa imeshatoka magazini inasubiri kwenye kibao cha kunyanyulia, mjomba alipovuta na kuachia ule mkono, ganda likaruka na risasi ikaingia. Yeye akili yake yote ilikuwa kwenye ganda, alijua imekwama kwa hiyo haina kitu. Mimi nilikaa kwenye benchi, miguu haina nguvu.

Kwa hiyo mambo mawili. La kwanza na kubwa: BUNDUKI ILIYOKWAMA SI BUNDUKI TUPU. La pili: ile bunduki haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa mpya tu, na sisi tuliipa chakula isichoweza kula bado. Hili la pili ndilo linalozaa lile la kwanza, maana inayokwama kila saa ndiyo inayomfanya mtu apandishe hasira na kusahau mtutu umeelekea wapi. Twende taratibu.

INAJIPAKIAJE YENYEWE?

Watu wanadhani mna betri humo. Hamna. Nguvu yote inatoka kwenye risasi yenyewe, na kuna njia tatu zinazojulikana.

Ya kwanza ni gesi. Mtutu una vitundu vidogo kwa chini. Baruti ikiungua, sehemu ndogo ya gesi inapita humo na kusukuma pistoni iliyozunguka bomba la magazini. Pistoni inasukuma bolti nyuma, ukucha wa bolti unavuta ganda, ganda linaruka nje, springi inarudisha bolti mbele ikiwa imebeba risasi mpya. Remington 1100 iliyotoka 1963 ni ya aina hii, na Beretta ya Italia nayo ina za gesi nyingi. Sifa yake ni teke dogo begani. Ubaya wake inachafuka ndani, kwa sababu moshi na masizi yanapita kwenye mashine.

Ya pili inatumia teke lenyewe. Hapa Benelli ya Italia, kampuni iliyoanzishwa 1967, ndiyo yenye jina. Bunduki inaporudi nyuma kwa teke, bolti ambayo ni nzito inabaki palepale kwa muda mfupi mno, kama abiria wa daladala anavyobaki nyuma gari likiondoka ghafla. Springi ngumu iliyo kati inabanwa, halafu inafyatuka na kuirusha bolti nyuma. Ni safi, lakini inategemea kabisa bunduki iweze kusogea. Ukiitundikia tochi na mazagazaga mazito, haisogei vya kutosha.

Ya tatu ni ya wazee: mtutu na bolti vinarudi nyuma pamoja. Ndiyo Auto-5 ya John Moses Browning, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1900. Ile ina pete za msuguano ambazo mwenyewe unazipanga kulingana na risasi, nzito au nyepesi.

Umeona? Zote tatu zinaishi kwa nguvu ya risasi. Risasi ikiwa dhaifu kuliko ugumu wa mashine, bolti inarudi nusu safari, na hapo ndipo ganda linabanwa.

SASA MPYA INA UGUMU GANI?

Kwanza, grisi ya kiwandani. Ile inapakwa kuzuia kutu wakati bunduki ipo ghalani na kwenye meli. Ni nzito, inanata, na mahali pengine imekauka kama gundi. Kazi yake ni kuhifadhi, si kulainisha.

Pili, vyuma havijazoeana. Reli za bolti, pistoni, kibao cha kunyanyulia, vyote vina mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwandani. Vikisuguana mara nyingi vinang'aa na kuteleza. Ni kama kufuli jipya la mlango, wiki ya kwanza unazungusha ufunguo kwa nguvu, baadaye linafunguka lenyewe.

Tatu, springi ni mpya, zina nguvu yake yote.

Ongeza na hili: bunduki zenye chemba ndefu ya inchi 3½ zimetengenezwa zibebe risasi nzito sana za bata bukini, kwa hiyo nyingi huchagua zaidi kwenye risasi nyepesi. Wabongo tunapenda kubwa, tunanunua ya inchi 3½ halafu tunailisha risasi za hua!

Na risasi zetu zilikuwaje? Zimeandikwa wakia 1 (gramu 28 hivi za marisau), na mwendo mdogo. Kuna nyingine ni ⅞ ya wakia, zimetengenezwa makusudi zisiumize bega. Hizo ni nzuri kwa bunduki iliyoshazoea. Mzee yule aliangalia boksi, akacheka, akasema hizo tutazirudia baadaye.

TULIVYOIZOESHA, HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha haina risasi. Fungua bolti, tazama chemba kwa macho, ingiza kidole, tazama na magazini na kibao cha kunyanyulia. Risasi zote zitoke hata chumba ulichomo. Baada ya yaliyotukuta sisi tunakagua wawili, mmoja baada ya mwingine.

2. Soma kitabu cha maelekezo. Kweli kabisa, kisome. Kila bunduki ina utaratibu wake, na kitabu ndicho kinachosema risasi ndogo kabisa inayokubali. Kikitofautiana na mimi, kifuate chenyewe.

3. Ifungue kama kitabu kinavyoonyesha na uisafishe yote. Dawa ya kusafishia bunduki, brashi na vitambaa. Toa grisi kwenye bolti, reli, bomba la magazini, pistoni, na ndani ya chemba. Chemba usiisahau, maana ikiwa chafu inang'ang'ania ganda. Pitisha kitambaa kwenye mtutu hadi kitoke cheupe.

4. Paka oili KIDOGO. Tone moja moja kwenye reli na mahali vyuma vinaposuguana, kisha futa ibaki kama ukungu. Oili nyingi inakamata masizi na mchanga, na kwenye baridi inaganda. Sehemu za gesi fuata kitabu, nyingi zinataka zikae kavu au karibu kavu.

5. Rudisha kila kitu kwa mpangilio wake. Kosa la kawaida la wageni ni pistoni kuwekwa kichwa chini, au pete ndogo ya mpira kusahaulika mezani kwenye bunduki zinazoitumia. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Kifuniko cha mbele cha magazini kikazwe vizuri, na mkiwa mnafyatua mkikague mara kwa mara kwa sababu kinalegea.

6. Ikiwa haina kitu, vuta bolti na kuirudisha kwa mkono mara nyingi. Mjomba alifanya jioni nzima anaangalia mpira. Mwanzoni ilikuwa inakwaruza, mwishoni ikawa inateleza.

7. Uwanjani anza na risasi nzito. Sisi tulichukua za wakia 1¼ (gramu 35 hivi) zenye mwendo wa futi 1,330 kwa sekunde, boksi tatu za risasi 25, jumla 75. Zinapiga teke, bega litajua, lakini ndizo zinazolazimisha vyuma vizoeane. Angalia maandishi ya kwenye mtutu kwanza! Kama umeandikwa inchi 2¾ usiweke ya inchi 3, hata kama inaingia.

8. Pakia moja, fyatua, angalia ganda linarukaje. Kisha mbili. Kisha tatu. Usijaze magazini mwanzoni. Hilo lingetuokoa sisi siku ya kwanza.

9. Kitako kikae begani imara, egemea mbele kidogo. Ukiishika kilegelege unaenda nayo nyuma, na mashine inakosa kitu cha kushindana nacho.

10. Andika. Daftari la shule linatosha: namba ya risasi, aina, ilikwama au la, ilikwamaje.

Daftari letu linasema hivi: boksi la kwanza ilikwama mara 4. La pili mara 1. La tatu sifuri. Tukaifuta, tukarudi kwenye zile nyepesi za siku ya kwanza: 25, ikakwama moja tu, ya tatu. Kutoka hapo hadi mwisho wa boksi haikukwama tena. Bunduki ile ile ya "nimeuziwa mbovu".

INAKWAMAJE? KILA DALILI INA SABABU YAKE

Ganda linabanwa dirishani: bolti hairudi hadi mwisho. Risasi dhaifu, uchafu, au bado ngumu.

Ganda halitoki chembani kabisa: chemba chafu au ina kutu, ukucha wa kuvutia una tatizo, au nguvu haikutosha.

Ganda linatoka lakini risasi inayofuata haiji: bolti imerudi nusu, au magazini ina shida. Kagua springi ya magazini na kijiti cha kuzuia idadi kama kimekaa sawa.

Bolti haibaki nyuma risasi ya mwisho ikiisha, kwenye bunduki zinazotakiwa ibaki: dalili ya mapema kwamba nguvu inapungukia. Usiipuuze.

Bolti haifungi hadi mwisho, ukivuta triga unasikia "tik" tu: grisi nzito, uchafu chembani, au uliirudisha polepole kwa mkono badala ya kuiachia.

Ikifika risasi nzito 100 na bado inakwama, na umesafisha, hapo ndipo urudi dukani au kwa mtengenezaji, na daftari lako mkononi. Fundi akiona daftari hawezi kukuzungusha. Lakini USIPIGE TUPA, usipanue vitundu vya gesi, usikate springi kwa sababu jamaa wa kwenye video kafanya. Unaweza kupoteza garantii, na unaweza kupoteza vidole.

IKIKWAMA MKONONI MWAKO

Hapa ndipo naomba msome mara mbili.

Mtutu ubaki unaelekea kwenye shabaha. Usigeuke, usimwite mtu kwa mtutu. Mtu akitaka kuona, aje yeye upande wako.

Kidole kitoke kwenye triga kabisa.

Ukivuta triga isilipuke, subiri angalau sekunde 30 mtutu ukiwa mbele. Risasi nyingine huchelewa kulipuka.

Ukisikia mlio mdogo wa ajabu, "puf" badala ya "paa", ACHA. Toa risasi zote, fungua, angalia ndani ya mtutu kama kuna kitu kimebaki. Ukifyatua nyingine juu yake mtutu unapasuka.

Na usichanganye risasi za geji 20 na geji 12 mfuko mmoja. Ile ya 20 ni nyembamba, inateleza na kukwama mbele ya chemba. Wewe unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake... maliza mwenyewe. Ndiyo maana za geji 20 kwa kawaida zina rangi ya njano. Ukiona njano kwenye mfuko wa geji 12, itoe.

Vaa miwani na vizuia sauti, hata kama ni risasi moja tu. Mlio wa shotigani unavuka desibeli 140, na kiwango hicho kinaweza kuharibu sikio palepale. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, marisau mengi ni risasi ya madini, ni sumu.

NA SHERIA JE?

Wadau wa Marekani, hili nalisema kwa upendo. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua kama hana vikwazo vingine. Lakini ukiwa na viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza hata kuishika, isipokuwa kwa mambo machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usimshike mwenzio bunduki uwanjani kwa ajili ya picha tu. Unaweza kuharibu makaratasi yako yote.

Texas, aliyezaliwa 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa kupitia mafunzo ya wawindaji. Na ukiwinda ndege wanaohama kama hua, bunduki isibebe zaidi ya risasi 3 kwa jumla, ndiyo kazi ya kile kijiti ndani ya magazini. Ukikitoa wakati wa kusafisha, kirudishe.

Kwa wa nyumbani, Tanzania na Kenya, mnajua wenyewe: bila leseni usiguse. Ila wapo wenye leseni zao halali, na kanuni za grisi na springi ni zile zile Dallas hadi Dodoma.

MWISHO WA HADITHI

Tarehe 1 Septemba tulikuwa shambani alfajiri. Mjomba alifyatua risasi 31, nyepesi zile zile, haikukwama hata moja. Hua alipata wawili. Kwa hiyo bunduki imeshazoea, sasa amebaki mjomba!

Lakini kitu kilichonifurahisha zaidi si hao hua. Kila alipomaliza kufyatua alifungua bolti, akatazama chemba, akanionyesha na mimi nitazame, mtutu ukiwa chini mbele. Hasemi kitu, ila najua anakumbuka ile siku. Na mimi nakumbuka.

Mwenye uzoefu tofauti, hasa wale mliowahi kufanya kazi ya ulinzi au uwindaji nyumbani, tupeni hapo chini kwenye maoni. Nikikosea nisahihisheni bila matusi.

Naomba kuwasilisha.